Mwendo wa Mbambu

Mbambu alisimama mbele ya meza ya redio katika soko la Nateete, akajifanya anachagua. Kitenge chake cha bluu kilikuwa kipya, na pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Nyabo, dada, hiyo ni mbovu," alisema polisi aliyekuwa kando yake, sare imenyooshwa vizuri kwa pasi.

"Basi ikamate, afande."

Polisi huyo, Oloya, alicheka, akaomba namba. Tangu siku hiyo alimpigia simu kila jioni.

Mbambu hakumficha kwamba moyo wake ulikuwa dhaifu tangu alipojifungua, kule kwao Butembo, mtoto ambaye hakuishi. Dawa zilimtuliza, na Shakirah, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alimwandikia kutembea kila siku. Oloya alijitolea kumsindikiza. Kazini alifundisha gwaride.

"Kifua mbele, mpenzi! Unatembea kama mtu anayepelekwa mahakamani."

Mwanzoni Mbambu alirudisha utani. Mwendo ulipozidi akajibu "ndiyo" na "hapana", kisha akanyamaza.

"Nimekukosea?"

Alitikisa kichwa tu.

Oloya akaamini amechokwa. Aliacha kuja, akaacha kupiga. Mbambu naye hakupiga: mwanamume amechoshwa na mgonjwa, alijiambia.

Shakirah ndiye aliyempigia Oloya. "Mbambu alitupatia namba yako kama mtu wake wa karibu. Amelazwa, miguu imevimba. Mlikuwa mnatembeaje?"

"Haraka. Lakini alikuwa ananinunia, daktari."

"Alikuwa anakosa pumzi. Mwendo wake ni ule unaomruhusu kuzungumza. Akishindwa, mmezidisha. Hakukuambia?"

"Hapana."

Uvimbe ulipokwisha na hospitali ikamruhusu kutembea tena, Oloya alifika kwake Nateete, bila sare, amevaa shati jeupe.

"Kwa nini ulinificha kwamba unakosa pumzi?"

"Ungeniona mgonjwa. Nilitaka unione mwanamke."

"Leo ongoza wewe."

Walikwenda polepole. Mbambu alizungumza juu ya wateja wakorofi wa kibanda chake cha vitenge, kisha akasema lililomkaba muda wote.

"Madaktari wamenikataza kubeba mimba. Inaweza kuniua. Kwenu wanangoja wajukuu."

"Mimi pia nilitaka watoto."

"Basi sema, afande wangu. Usinihurumie."

"Nitasikitika, sikudanganyi. Lakini nikioa, nitakuoa wewe."

"Na mama yako?"

"Atalia."

Mbambu alimshika mkono mbele ya watu wote wa steji ya bodaboda waliyoifikia.

"Basi twende akalie nikiwepo."