Gari Lililolala Halinywi Maji

Siku Khairat alipokutana na Imrani, nusura agongwe. Tumtendee haki Imrani: aliyeshika usukani alikuwa Mama Hana, muuza vitenge wa miaka sitini na moja, aliyeapa kwamba hafi kabla hajajua kuendesha. Imrani alikaa pembeni yake, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, tai fupi kifuani, akisema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "Breki, mama. Breki. Siyo hiyo."

Kigari cheupe chenye herufi L kikazimika mbele ya Soko la Majengo, hatua moja kutoka kwenye goti la Khairat. Bodaboda wakapiga honi. Wauza zabibu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Khairat, ndani ya abaya nyeusi na mtandio wa zambarau, aliukumbatia mfuko wake wa zabibu na kukitazama kigari kile kuanzia bampa hadi paa, kama mtu aliyekwenda mnadani kununua mbuzi.

Imrani alishuka mbio. "Samahani sana, dada. Umeumia?"

"Mimi sijaumia. Gari lako ndilo limeumia."

"Wapi?"

"Dashibodi imepasuka kwa jua. Vioo vya taa vimefifia. Mpira wa waipa umekauka, mvua ikija utakwangua kioo tu. Na kwa vumbi hili, chujio la hewa ulilisafisha lini?"

Mama Hana akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu, huyu dada ni mganga?"

"Mkaguzi wa kampuni ya bima, mama. Shikamoo. Magari yaliyokufa ndiyo kazi yangu. Hili bado linapumua." Akamgeukia Imrani. "Tafuta kanga, uitandike kwenye dashibodi kila unapoegesha. Jua la Dodoma halina huruma."

"Na wewe unaendesha gari gani, mkaguzi?"

Khairat alicheka, akasema ana haraka. Kwa kuwa Imrani alikuwa anamtazama macho, hakugundua kwamba hakujibiwa. Namba ya simu, hata hivyo, aliipata.

Wiki hiyohiyo kanga ililetwa, ya njano yenye maua mekundu, mpaka kwenye chuo chake cha udereva pale Chang'ombe. Khairat aliitandika kwenye dashibodi kwa mikono yake, na Imrani akaapa mbele ya wanafunzi wake kwamba hataegesha tena juani bila kuitandika, na akianza safari ataikunja mara nne aiweke kwenye droo. Kiapo hicho alikishika. Hata akisimama dakika mbili kununua vocha, kanga ilitandikwa.

"Mwalimu, umekula?" Khairat alizoea kupiga simu mchana.

"Nimekula vumbi. Na Mama Hana amepanda ukingo wa barabara mara mbili."

"Pole, mpenzi. Kanga imetandikwa?"

"Imetandikwa kuliko kitanda changu."

"Kitanda chako kitapata mtandikaji, usijali. Mama anataka kukuona."

Ikapangwa Jumamosi moja ya Januari. Khairat alitangulia Kondoa siku ya Ijumaa, na mama yake, Bi Mishi, akaagiza mchele mzuri wa pilau na kuwaambia majirani kuwa mkwe anakuja na gari lake. Saa saba mchana awe amefika.

Sasa mvua za huku si zile za zamani. Siku hizi hujificha wiki nzima, ardhi ikapasuka, halafu zikamwagika zote alasiri moja. Tena humwagika mbali, juu vilimani, nawe uko bondeni jua linakuchoma kisogo, mara korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi likaja na maji ya rangi ya chai. Imrani aliyajua hayo. Kila Jumanne aliyafundisha, na ukutani mwa darasa lake aliyaandika kwa rangi nyekundu: MAJI YAKIKATIZA NJIA, SIMAMA. USIYAPIME KWA MACHO.

Jumamosi hiyo aliiacha lami kidogo, akaingia kijiji kimoja kumchukulia Bi Mishi asali. Aliporudi, korongo alilolivuka likiwa kavu nusu saa iliyopita lilikuwa linatiririka. Akatazama saa, ikawa saa sita na nusu. Akaitazama asali. Akayapima maji kwa macho, akaona yanafika gotini, akaingia.

Katikati injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Maji yakapanda mlangoni, kigari kikaanza kuelea. Wanakijiji walimtoa dirishani wakimvuta kwa kamba, mkono mmoja ameinua simu juu, asali ikaenda na gari. Alipoketi ukingoni, ameloa mpaka shingoni, akina mama waliokuja kuteka maji walikuwa wanaulizana kwa sauti kama huyo ni dereva au amejifunzia kwenye punda. Simu ikaita.

"Mwalimu, uko wapi? Mama ameshafunua sufuria mara tatu."

"Gari limechukuliwa na maji, Khairat."

"Ya Rabi. Ulikuwa ndani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Lakini Imrani aliona aibu kubwa kuliko hofu aliyokuwa nayo majini. Mwalimu wa udereva, chuo kina jina lake, na huko Kondoa mama mkwe amesimama na mwiko.

"Hapana," alisema. "Niliegesha kando, nikafuata asali kwa mguu. Jua kali, hata tone hakuna. Narudi, maji yameshalibeba."

Akamsikia Bi Mishi kwa mbali akimshukuru Mungu kwa kumnusuru mkwe wake. Hadi alasiri mtaa mzima ulishaisikia habari ya gari lililoegeshwa.

Kigari kilikuwa na bima kubwa ya kampuni ileile ya Khairat, inayolipa hata mafuriko. Wiki iliyofuata Imrani alikabidhiwa fomu ya madai, na penye maneno "eleza ajali ilivyotokea" kalamu ilimgandia. Hakuwa na tamaa ya fedha za mtu. Alijua tu nani atakayeisoma ile fomu, na kilichosemwa kwenye simu hakiwezi kuandikwa vingine. Akaandika: niliegesha.

Faili likatua mezani kwa Khairat. Naye, tusimpambe, alikuwa na lake. Sheria ya ofisi ilimtaka amwambie meneja wake, Generosa, kwamba mwenye gari ni mchumba wake, ili faili lipewe mwingine. Hakusema. Mwaka uliopita uchumba wake wa kwanza ulivunjika, ofisi nzima ikajua, na alishachoka kuonewa huruma kwenye chai ya saa nne. Huu alitaka uive kwanza.

Siku ya ukaguzi alikwenda gereji na dereva wa ofisi, amevaa buti na koti la kazi juu ya abaya. Imrani alikuwepo, amesimama kando. Matope yalifika darini, viti vimevimba, nyaya zote zimeoza. Fundi Jordan hakuhitaji kufikiri: kulitengeneza kungezidi thamani yake, kwa hiyo lilikuwa gari la kulipwa lote.

"Pole, mwalimu," Khairat alinong'ona akipita, akamgusa kiwiko. Akaivuta droo ya dashibodi kwa nguvu, ikafunguka.

Kanga ilikuwemo. Imejaa tope, lakini imekunjwa mara nne, vizuri kabisa.

Khairat aliishika muda mrefu bila kugeuka. Nyuma yake Jordan alikuwa ameshafungua injini, akaita, "Dada, njoo uone. Huu mkono wa pistoni umepinda kama ndoana. Injini hii ilivuta maji ikiwa inazunguka." Akajifuta mikono. "Gari lililolala halinywi maji."

Khairat alipogeuka, Imrani alikuwa anatazama viatu vyake.

Jioni alimpigia. Hakumwita mwalimu. "Imrani, nakuuliza mara moja. Gari lilikuwa limeegeshwa?"

"Nimeshaandika."

"Sijauliza ulichoandika."

"Lilikuwa limeegeshwa."

"Juani, bila kanga?"

Khairat akaivuta karibu ile kanga, aliyorudi nayo kutoka gereji.

"Unajua kinachoniuma?" Khairat alisema. "Bima kubwa inalipa mafuriko, uwe umeegesha, uwe unatembea. Ungesema kweli wangekupunguzia kidogo kwa uzembe, basi. Umedanganya bure. Na umenidanganya mimi, nikakuombea dua na mama yangu. Jumatatu naandika ripoti." Akakata.

Imrani hakulala vizuri siku zile mbili. Jumatatu asubuhi alivaa shati lake jeupe, akaenda kwenye ofisi ya bima kabla ripoti haijafika, akabisha hodi kwa Generosa, mama mnene mpole mwenye miwani ya kamba. Akasema yote akiwa amesimama: asali, saa, maji, fomu. Alisema kama mtu anayevua nguo hadharani.

"Sasa kwa nini ulidanganya, baba?" Generosa aliuliza. "Tungekulipa."

"Niliona aibu, madamu. Nilikuwa naenda kujitambulisha ukweni. Sikutaka mchumba wangu ajue."

"Asijue vipi?"

"Ndiye aliyekagua. Khairat."

Generosa alivua miwani. Mlango ulikuwa wazi, na kizingitini alisimama Khairat mwenyewe, ripoti mkononi, kila neno la ripoti ni kweli isipokuwa lile ambalo halikuandikwa. Mezani nje, watu wawili waliacha kuchapa. Aliona uso unamwaka toka shingoni mpaka chini ya mtandio. Alikuwa amekuja kama hakimu.

Dai lilikataliwa, kwa kuwa fomu ilishatiwa saini na uongo ndani yake. Khairat alipewa barua ya onyo, akaondolewa ukaguzi kwa miezi mitatu, akawekwa dirisha la mbele kuuza stika za bima.

"Umeniaibisha," alimwambia Imrani kwenye ngazi.

"Nimesema ukweli. Si ndio ulioutaka?"

"Wako. Wangu ulikuwa wa kwangu kuusema."

"Basi nisamehe. Sikujua kama na wewe ulikuwa nao."

Alilisema bila ubaya, ndiyo maana lilichoma. Khairat akapanda juu, na kwa wiki saba hakuna aliyempigia mwenzake.

Alipata habari zake kupitia dirishani. Mama Hana alikuja kukata bima ya gari lake la kwanza, la mitumba, amelipamba kwa vitambaa. "Mwalimu wetu ameazima gari la rafiki yake," alisema akisubiri stika. "Na kile chuma kilichopinda amekitundika ukutani. Kila Jumanne anajisema mbele ya darasa: mimi mwalimu wenu niliingia majini nikadanganya. Tunalipa ada kumsikia anavyojiumbua."

"Wanamcheka?"

"Wanamcheka sana. Anangoja wamalize, anaendelea na somo."

Khairat alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Yule mtu aliitoa aibu yake nje iote jua. Yeye amekaa nyuma ya kioo na yake, na ilikuwepo nyingine ya miaka tisa ambayo hata Generosa hakuijua.

Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa. Alivaa mtandio ule wa zambarau, akaingia darasani Chang'ombe katikati ya somo. Wanafunzi kumi na wawili waligeuka. Imrani alikuwa ubaoni, chaki mkononi, chuma kilichopinda kinaning'inia juu ya maandishi mekundu.

"Karibu, mkaguzi," alisema taratibu. "Umekuja kukagua nini?"

"Nimekuja kujiandikisha."

"Kujiandikisha wapi?"

"Sijui kuendesha," Khairat alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho. "Miaka tisa nakagua magari ya watu, nawaambia walivyokosea, na sijawahi kuwasha gari hata moja. Natembea na dereva wa ofisi. Ulipouliza pale Majengo naendesha gari gani, nilikimbia."

Darasa liliangua kicheko. Alisimama palepale kikampitia chote, mikono imeshika mkoba, machozi yakimlengalenga. Imrani hakucheka. Aliweka chaki chini, akavuta kiti cha mbele, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake.

"Kaa, mpenzi," alisema, akasahau kabisa kwamba kuna watu.

Baada ya somo walikaa ndani ya gari la kuazima, Imrani pembeni, Khairat kwenye usukani, injini imezimwa. Khairat alitoa kwenye mkoba ile kanga ya njano. Aliifua mara nne, na tope halikutoka lote kwenye maua.

"Nisamehe kwa ngazini," alisema.

"Mimi ndiye wa kusamehewa. Nioe basi nikulipe polepole." Akashtuka. "Yaani, nikuoe."

"Anza na mama. Bado anasimulia Kondoa nzima gari lilivyoegeshwa. Sikumwambia. Hilo ni lako."

Akapiga, akaweka sauti kubwa, akamsogezea simu. Jasho lilimtoka Imrani kama siku ya mtihani.

"Shikamoo, mama. Ni Imrani. Mama, lile gari sikuliegesha. Niliyaona maji nikaingia nalo, nikakudanganya. Mimi mwalimu wa udereva. Naona aibu, mama, na naomba radhi."

Huko Kondoa jogoo akawika, mtu akaweka sufuria chini.

"Na Khairat yuko wapi?" Bi Mishi aliuliza hatimaye.

"Niko hapa, mama. Niko naye garini. Ananifundisha kuendesha."

"Huyo huyo?"

"Huyo huyo, mama."

Bi Mishi akavuta pumzi. "Njooni Jumamosi, nitapika," alisema. "Lakini mje na basi."