Ukuta Uliosimama Tena

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, Mama Adolphine alifagia mbele ya nyumba yake huko Kapata, karibu na mji wa Kolwezi. Alianzia mlangoni, akamalizia kwenye benchi la saruji. Benchi hilo lilijengwa na mume wake, Banza. Hapo ndipo Banza alipokuwa akivua buti kila jioni na kumweleza mkewe habari za shimo la madini alimofanya kazi. Kisha siku moja ya mvua, ukuta wa shimo kule Musonoi ukamwangukia, akafa. Tangu siku hiyo benchi lilifagiliwa, lakini hakuna aliyelikalia.

Binti yao, Joyeuse, alikuwa akisomea uhandisi wa migodi chuoni, mjini Kolwezi. Asubuhi moja alimfuata mama yake nje.

"Mama, wamenipa staji, mafunzo ya kazi, kwa mgodi wa Fungurume. Nakuomba unikubalie."

"Kwa shimo?"

"Ndiyo, mama. Kwa shimo."

"Apana. Baba yako alitosha."

"Lakini nimejifunza, mama."

"Umejifunza wapi? Kila siku weye na michezo ya ordinatere, ile kompyuta! Baba yako alijifunza na mikono yake, na ukuta ukamukamata. Weye mwenye kucheza, njo weye utapona?"

Joyeuse hakukasirika. "Kuja uone ule mchezo, basi. Kisha utasema."

Mama Adolphine alikubali kwenda chuoni. Alitaka kumwambia mwalimu wa Joyeuse hapana yake uso kwa uso.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na kelele kama uwanja wa mpira. Kijana mmoja alimpigia mwenzake kelele: "Guelord, umeua batu bote tena!" Watu hao walikuwa picha tu za kompyuta, na darasa zima likacheka. Mama Adolphine alisimama mlangoni.

Mwalimu, Tata Polycarpe, alimkaribisha kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Hapa tunakoseaka mingi. Hiyo njo kazi ya hii chumba. Ukuta inaanguka hapa, haiangukie mutu."

Alimkalisha mbele ya kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na shimo kubwa lenye udongo mwekundu. Chini ya ukuta mrefu mawe ya kijani, yale yenye shaba, yaling'aa. Mtu mdogo mwenye kofia ya njano alisubiri na sepeto yake.

"Chimba penye unataka, mama."

Mama hakufikiri mara mbili. Banza na wenzake walifuata mawe ya kijani siku zote, na mawe yalikuwa chini. Joyeuse alimwonyesha jinsi ya kubofya. Mama akachimba chini ya ukuta, akachimba tena.

"Sasa tulete mvua," alisema mwalimu.

Mvua ikanyesha kwenye kioo. Juu ya ukuta ukatokea ufa. Ukuta wote ukateleza, ukamfunika yule mtu mdogo.

Mama Adolphine alisimama.

"Njo vile ilikuwa kwa Banza," alisema. "Njo vile."

Joyeuse alimshika bega. Tata Polycarpe akauliza taratibu: "Mama, naweza kuurudisha?"

Akabofya. Ukuta ukainuka. Mtu mdogo akasimama na sepeto yake, mzima. Mama alicheka, na machozi yakamtoka akicheka.

"Juu ya nini ulianguka? Kwa sababu gani?" aliuliza.

"Chini njo kunabeba uzito yote ya juu. Ukichimba pale, unakata mguu wa ukuta. Maji nayo inaingia kwa ufa, udongo inakuwa muzito, inateleza," mwalimu alieleza.

"Basi tufanye nini?"

"Tunaanza juu. Tunakata ngazi kubwa kubwa. Tunalaza ukuta kidogo, usisimame wima. Tunachimba mfereji, maji ipite kando."

Mama alikaa tena. Alikata ngazi. Mvua ikaja, ukuta ukaanguka.

"Umeusimamisha sana, mama!" Guelord alipiga kelele. "Laza! Laza tena!"

Mama akaurudisha, akaulaza. Akachimba mfereji. Mvua ikaja, na ukuta ukabaki.

"Ongeza mvua!" mama aliita. "Ongeza!"

Mvua ikaongezwa. Ukuta ukabaki. Wanafunzi wakapiga makofi, na mama akapiga meza kwa furaha.

Kisha akamgeukia mwalimu. "Kama hii mashine inajua hivi, staji ni ya nini?"

"Haijue yote, mama. Inajua tu yenye tunaiambia. Mawe ya Fungurume haiko sawa na ya Musonoi. Lazima mutu aende kupima mawe, maji na nyufa, pamoja na wakubwa wa kazi. Tukiipa vipimo vya uongo, nayo itatudanganya."

Mama akamgeukia binti yake.

"Utaenda," alisema. "Lakini kila mvua ikinyesha, unanipigia."

Joyeuse alikwenda. Huko Fungurume aliona ufa juu ya ukuta mmoja. Aliupima pamoja na wahandisi, wakaviingiza vipimo kwenye kompyuta. Kwenye kioo, ukuta ukaanguka. Wafanyakazi wakaondolewa chini yake, na ukuta ukalazwa upya, ngazi kwa ngazi, kuanzia juu.

Asubuhi moja mama alikuwa akifagia. Simu ikalia.

"Mama, huku mvua ilinyesha mingi sana!"

"Na ukuta?"

"Umesimama!"

"Na batu?"

"Bako banakunywa chai."

Mama Adolphine aliegemeza ufagio mlangoni. Akaenda kwenye benchi la Banza, akakaa, simu sikioni.

"Basi," alisema, "nielezee habari za shimo."