Ndaki na Mtaro wa Tingatinga

Nyanzala aliteremka bondeni Kasokola, jembe begani na wimbo mdomoni. Mpunga wake ulikuwa umeshika vizuri, na majaruba yalikuwa na maji ya kutosha. Juu ya majaruba kulikuwa na tingatinga, eneo la matope na maji lililofunikwa na matete. Humo vyura walilia kama kwaya isiyo na mwalimu.

Mumewe, Ndaki, alikuwa amesimama ukingoni. Alilitazama tingatinga kama mtu anayetazama fahali mnono mnadani.

"Mama Kabula, mbuga yote hii inalala bure! Kule kwetu Bariadi tungeshachimba mtaro. Maji yateremke kwenye mpunga, na hapa juu tuongeze majaruba."

"Maji si yapo, baba Kabula? Unataka mengine ya nini?"

"Nani aliwahi kukataa wali?"

Jumamosi vijana wa ujima walikuja. Waliimba, wakachimba, wakala ugali na maziwa mgando. Jioni maji yalishuka kwa kishindo. Ndaki akatembea kijijini kifua mbele.

Kisha mvua ikakatika, kama inavyofanya mara nyingi katikati ya masika. Miaka iliyopita mpunga ulivumilia. Safari hii mtaro ulikauka, matete yakawa ya njano, majaruba yakapasuka nyufa za kuingia kidole. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula cha nyumba nzima. Nyanzala hakungoja. Alikwenda kumwita jirani yao Pudensiana, Mfipa aliyelima mabonde yale tangu usichana wake.

Pudensiana aliutazama mtaro, akapiga makofi kwa mshangao.

"Wasukuma nyie! Watani zangu, mmelichana godoro?"

"Godoro gani tena, shemeji?" Ndaki aliuliza.

"Hili hapa! Mbuga ina udongo mweusi. Mvua ikija inajaa, kiangazi inakauka, unalima. Tingatinga halikauki. Linanyonya mvua kama godoro la mtoto mchanga, halafu linaachia maji taratibu, chini kwa chini, mpaka kwenye mpunga wenu. Wewe umelikamua siku moja!"

"Na ile ardhioevu wanayoisema kwenye redio?" Nyanzala aliuliza.

"Hilo ni jina la ukoo, mama. Mbuga, tingatinga, kinamasi, wote ni ardhioevu. Lakini watoto wa tumbo moja hawana tabia moja. Mmoja unamlima, mwingine unamwacha alale. Tena sheria inataka tukae mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji."

Ndaki alikuna kichwa. "Kumbe nimejichimbia njaa."

"Umejichimbia. Sasa fukia!"

Vijana walewale waliitwa. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Tumekula ugali wa kuchimba, leo tunakula wa kufukia! Mzee, kesho tuchimbe tena?"

Ndaki alicheka nao, akaswaga maksai wa mkokoteni. Walileta udongo wa mfinyanzi, wakaushindilia kwenye mtaro. Pudensiana akawaonyesha namna ya kupanda mashina ya matete juu yake. Ng'ombe walitengewa njia ya kunywea pembeni, wasilikanyage tingatinga.

Mvua iliporudi, tingatinga likaanza kushiba. Majaruba mawili ya mwisho yalikuwa yameshakufa. Mengine yalifufuka.

Kabla ya kuvuna, mvua ilikatika tena. Ndaki hakulala vizuri. Kulipokucha alikimbilia bondeni, akaingia kwenye jaruba ahakikishe mwenyewe. Gambuti lake la kushoto lilizama kwenye tope, likagoma kutoka. Alivuta, akayumba, akakaa chini pwaa!

"Mama Kabula, nisaidie! Tope limenishika!"

Nyanzala alisimama kwenye tuta, akicheka machozi yakimtoka.

"Likushike tu, baba Kabula! Tope likikauka ndiyo uniite!"

Ndaki naye akaanza kucheka, palepale kwenye maji. Kumzunguka pande zote, mpunga ulikuwa umeinamisha masuke.