Moto Nyuma ya Vyungu

Mama ni mfinyanzi. Baba huchochea moto wa tanuri. Mimi, binti yao, hubeba udongo na kuota ndoto za mchana.

Mama akifinyanga, mikono yake huzunguka polepole, nami hupata usingizi mtamu. Lakini siku zile raha ilikwisha. Tulichoma vyungu mara mbili, na mara zote vya kushoto vilipasuka.

"Vikiharibika tena, tanuri tulibomoe," alisema mama. Niliumia sana.

Siku ya kuchoma, baba alichungulia moto kupitia tundu la ukutani mwa tanuri. Matundu mengine aliyaziba zamani, eti moto mmoja, mlinzi mmoja.

"Kushoto giza. Hakuna moto," akasema, akaokota kuni.

"Shemeji, ngoja!" Alikuwa jirani yetu, rafiki wa mama. Anafanya kazi maabarani, wanakopiga picha za miali ya moto. "Rundo la vyungu limekuziba macho. Moto haupo, au hujauona?"

Baba alinuna. "Wewe jua kamera zako. Moto niachie mimi."

Jirani alicheka. "Kamera moja hatuiamini. Picha yake ni bapa kama mkeka. Tunaweka kamera kadhaa kuzunguka moto, zinapiga kwa pamoja. Kompyuta inaunganisha picha, tunapata umbo zima: urefu, upana na kina. Kamera moja ikizibwa, hatusemi pale hakuna moto. Tunasema haijaona, tunaziuliza zilizo upande mwingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, shemeji. Mtaka moto azunguke."

Tukazibua matundu matatu. Tulivaa miwani ya kuchomelea aliyoleta jirani, tukasimama mbali kidogo. Jirani alihesabu, wote wanne tukatazama kwa pamoja. Kila mmoja alichora kwa mkaa alichokiona. Palipozibwa, aliweka alama ya kuuliza.

Tulipanga michoro chini, kila mmoja upande wake. Taratibu, moto mzima ukasimama kichwani mwangu. Ulikuwa laini, umelalia kushoto, unapumua nyuma ya vyungu. Siku zote ulikuwepo, na baba alikuwa akiuongezea kuni hadi vyungu vikapasuka.

Baba alizitua kuni chini.

Tanuri lilipopoa, mama alitoa chungu cha kushoto. Alikigonga kwa kidole. Kikalia vizuri, kizima! Nilicheka hadi machozi.

"Mama watoto," baba alisema kwa aibu, "mimi nilisema moto haupo."

Mama alimpa chungu akishike.

"Siku nyingine sema hujauona," alimjibu. "Halafu zunguka."