Hasara Iliyokaa Katikati ya Mabanda

Mama Pacha alikuwa fundi wa tanuru katika kiwanda cha nondo. Kila asubuhi aliwapa wanawe chai, kisha akaongozana na wifi yake kazini. Waliishi nyumba moja, lakini kiwandani kila mmoja alikuwa na banda lake. Wifi aliendesha kreni kwenye banda la kuyeyusha chuma chakavu. Kikishamiminwa kuwa vipande virefu, Mama Pacha alikipasha chuma hicho moto ili kitengenezwe nondo.

Alhamisi moja mafuta ya tanuru ya wiki nzima yaliisha tena. Watu wa banda la nondo wakaambiwa warudi nyumbani mpaka Jumatatu.

"Tukiendelea hivi, nitapunguza watu," meneja alisema.

Jioni nyumbani, Wifi akamtania Mama Pacha. "Tanuru lako lina tumbo la fisi."

"Litaachaje kula, nanyi mnaniletea chuma baridi kama jiwe la mtoni?"

Wifi aliacha kucheka. "Baridi? Mbona kwetu kinatoka chekundu?"

Walitazamana. Kwa miaka sita kazini, hakuna aliyewahi kuingia banda la mwenzake.

Jumatatu walimweleza mhandisi wa kiwanda. Akawapeleka uani. Vipande virefu vya chuma vilikuwa vimelazwa chini, vikipoa kungoja kupelekwa tanuruni kesho yake.

"Ni sawa na kuchemsha maji ya chai, kuyaacha yapoe, kisha kuyachemsha upya," alisema. "Kila banda linafanya kazi vizuri. Hasara iko katikati ya mabanda."

"Basi chuma tukipeleke moja kwa moja tanuruni," Wifi alisema.

Walijaribu kesho yake, wakakwama. Chuma chekundu kilifika watu wa nondo wakiwa wanakula. Kikarundikana, kikapoa. Mama Pacha aliona aibu.

"Usijilaumu," mhandisi alimwambia. "Mabanda mawili lazima yafuate ratiba moja."

Wakapanga kula kwa zamu. Mafundi wakajenga sanduku la matofali lenye kifuniko, ili chuma kikiwahi, kisubiri humo bila kupoa. Hata joto la moshi wa tanuru halikuachwa lipotee. Lilitumika kupasha joto hewa inayoingia kwenye moto.

Wiki ya tatu mafuta ya wiki yalitosha hadi Jumamosi, na mengine yakabaki. Meneja hakupunguza mtu.

Siku hizi mawifi hawali pamoja mchana. Mmoja akiwa mezani, mwenzake yuko kazini, na chuma kinapita kikiwa chekundu.