Majina Aliyoambiwa Puseletso

Kila alasiri, Puseletso alipotoka shule, kazi zake zilikuwa zile zile. Alichota maji kwenye chemchemi, akageuza samadi iliyoanikwa nyuma ya zizi ili ikauke vizuri kwa moto wa jioni, kisha akampelekea Bibi Mamosa chai. Bibi alikuwa mama wa marehemu baba yake. Akishamaliza chai, alijifunga blanketi, akalibana kifuani kwa pini kubwa, na kusema, "Haya, mjukuu wangu, twende kwa wazee."

Wazee hao walikuwa wamelala nyuma ya kanisa la mawe, chini ya marundo tisa ya mawe yaliyoota nyasi. Ni matatu tu yaliyokuwa na maandishi: la baba yake Puseletso, la babu yake, na la shangazi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Mengine sita, aliyeyajua ni Bibi peke yake.

Mwaka huo bonde lote la Maphaleng lilikuwa likijiandaa kuhama. Bwawa lilijengwa kule chini, na maji yangepanda hadi juu ya paa la kanisa. Watu walikuwa wameonyeshwa mahali pa kujenga upya, uwandani, mbali na milima. Makaburi nayo yangehamishwa. Kila ukoo uliombwa uonyeshe wazee wake, na kila mfu angezikwa upya na jina lake.

"Mama yako ni mkwe, hakuzaliwa bonde hili," Bibi alimwambia Puseletso. "Baba yako mdogo Lefa amemaliza ujana wake migodini. Mimi nimezeeka. Nimpe nani majina haya kama si wewe?"

"Bibi, leo mguu unaniuma."

"Mguu gani? Huo uliokuwa ukiruka kamba sasa hivi pale kwa akina Limpho?"

Puseletso alicheka, Bibi akacheka, wakaenda. Lakini huko makaburini mtoto hakusikiliza. Alijikalia juu ya ukuta akicheza mdako, akirusha kokoto moja na kuzoa nyingine, huku Bibi akisimulia kuhusu Mathabo, mtu wa kwanza wa ukoo wao kumwamini Kristo.

"Mumewe, Mosiuoa, alimwambia achague: nyumba yake au kitabu cha wageni. Mathabo akambeba mtoto mgongoni, akauvuka mlima wakati wa theluji, akaenda kubatizwa. Alirudi amepoteza vidole viwili vya mguu. Mume alipouona mguu ule hakumfukuza tena. Mwishowe naye akaamini, na mawe ya kanisa hili ni yeye aliyeyaburuta kwa ng'ombe wake. Unanisikia?"

"Nakusikia, Bibi." Kokoto ikapanda, ikadakwa.

"Haya, huyu hapa ni nani?"

"Ni yule uliyemtaja."

Bibi alijifunga blanketi upya. "Kesho tutarudia," akasema.

Walirudia mara nyingi. Siku nyingine Puseletso alisingizia kazi za shule. Siku nyingine alijificha tu kwa akina Limpho. Mama yake alipomuuliza, "Umeshika majina ya wazee?" alijibu bila kupepesa macho, "Yote, Mama." Jibu hilo lilimpa nafasi ya kwenda kucheza, naye akalizoea.

Asubuhi moja ya baridi kali, Bibi hakuamka kuwasha moto. Walimkuta sakafuni kando ya kitanda, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Muuguzi wa zahanati alipanda farasi akaja, akasema ni kiharusi. Bibi aliishi, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Alipojitahidi sana, kilichotoka ni "Ma... ma..." tu.

Mama alilia, kisha akafuta machozi kwa ncha ya blanketi na kumkumbatia Puseletso. "Mungu mwema. Kabla hajaifunga midomo ya Bibi, alikwisha kukupa wewe majina."

Puseletso alijua kwamba ni lazima aseme kweli. Alifungua kinywa aseme. Kisha akachukua ndoo akaenda chemchemini.

Wafanyakazi wa bwawa walifika wiki ile ile, na mbao za kuandikia majina. Ukoo ulikusanyika makaburini: Baba mdogo Lefa, Mama, majirani, na Mchungaji Khabele. Wote walimtazama msichana wa miaka kumi na miwili.

"Haya, binti yangu," Lefa akasema kwa fahari. "Tuonyeshe wazee wetu."

Baadhi ya majina Puseletso aliyajua, kwa kuwa Bibi aliyataja katika sala za jioni. Asichojua ni nani amelala wapi. Alilitazama kaburi kubwa kuliko yote. Mtu mkubwa, kaburi kubwa, akawaza.

"Huyu ni Mathabo," akasema.

Mama mmoja jirani akapiga kigelegele. Mfanyakazi akaandika jina kwenye ubao, akausimika. Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Huyu Mosiuoa. Huyu Mamotena. Huyu Malebone. Majina mawili ya mwisho yalimpotea, akayatunga.

"Mtoto ana kichwa huyu!" watu wakasema. Sifa hizo zilimchoma kuliko fimbo.

Kisha Lefa akasema si vizuri Bibi akose kuwaaga wazee wake kabla hawajafukuliwa. Alimfunga vizuri kwa blanketi, akamkalisha kwenye toroli lililotandikwa godoro, akamsukuma taratibu hadi makaburini. Bibi aliyesoma Biblia tangu utotoni alisoma mbao moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ubao wa Mathabo, aliukamata ukingo wa toroli kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto.

"Ma... ma... ma!" Alitikisa kichwa, machozi yakamtiririka.

"Pole, Mama, ni uchungu wa kuagana," Lefa akasema, akamfuta uso.

Bibi hakumtazama Lefa. Alimtazama Puseletso, na Puseletso akainamisha macho.

Jioni ile Mama alipokwenda kukama ng'ombe, Puseletso alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, niambie tena. Safari hii nitasikiliza. Mathabo yuko wapi?"

"Ma... ma..."

"Mathabo? Malebone? Mamotena?"

"Ma..."

Majina yote ya wanawake wa ukoo ule yalianza na Ma. Puseletso aliegemeza kichwa kwenye kifua cha Bibi na kulia. Alielewa kwamba alichokitupa hakipo tena mahali popote ambapo mtu angeweza kwenda kukiokota.

Asubuhi, makoleo yalikuwa yameshashushwa kwenye lori. Mchungaji Khabele alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo. Puseletso alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya Mchungaji.

"Baba Mchungaji, msichimbe. Nimedanganya."

"Umedanganya nini, mwanangu?"

"Mbao. Sijui nani yuko wapi. Bibi alinifundisha, mimi nilikuwa nacheza."

Mama aliweka mkono mdomoni. Lefa alimjia mbio, ameshika kofia yake kama anayetaka kuipasua.

"Wewe mtoto! Umewavua wazee majina, ukawavisha ya wenzao kama nguo za mtumba? Mbele ya watu wote?"

"Lefa," Mchungaji akasema, "mpigie kelele baadaye. Sasa hivi cha kushindana nacho ni jua hili linalopanda. Kamlete mama yako."

Wafanyakazi walikubali kungoja hadi mchana, si zaidi. Bibi aliletwa tena kwa toroli. Mchungaji alichuchumaa mbele yake, akaushika mkono wake mzima.

"Mama Mamosa, tutakutajia jina moja moja. Likiwa la kweli, nibane mkono. Likiwa la uongo, uache tu."

Macho ya Bibi yaling'aa kwa mara ya kwanza tangu augue. Walianza na kaburi la kando ya ukuta. Puseletso ndiye aliyetaja majina, kwa kuwa ndiye aliyeyasikia. "Malebone?" Mkono haukubana. "Mathabo?" Haukubana. "Mamotena?"

"Amebana!" Mchungaji akasema. Mama akashusha pumzi.

Kaburi la pili lilichukua muda mrefu. Bibi alikuwa akihema, jasho likimtoka licha ya baridi. Mwishowe Puseletso alipotaja Mosiuoa, mkono ulibana, lakini kwa udhaifu mno hivi kwamba ilibidi waulize tena ili wawe na hakika.

"Basi Mathabo yuko karibu," Lefa akasema kwa haraka. "Mke hulazwa kando ya mumewe. Yuko kulia au kushoto. Mama, ni huyu wa kulia? Mama?"

Kichwa cha Bibi kilikuwa kimeinama kifuani. Alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyechoka kabisa. Walimwita, wakamsugua mikono, wakangoja. Alipofumbua macho alitazama mlima tu, na mkono wake ulikuwa kama kitambaa kwenye kiganja cha Mchungaji. Jua lilifika utosini. Mkubwa wa wafanyakazi alikohoa kwa heshima.

Mchungaji akasimama. Mbao za Mamotena na Mosiuoa aliagiza zisimikwe mahali pake pa kweli, na zile nne za uongo akazing'oa mwenyewe. Mahali pa zile nne akaagiza zisimikwe mbao zisizo na maandishi.

"Tuandike hata kwa kukisia, Mchungaji," Lefa akaomba. "Mbao tupu ni aibu kwa ukoo."

"Ni aibu, ndiyo. Lakini ubao wa uongo ni aibu na dhambi pamoja."

Bibi Mamosa hakuongea tena. Alikufa kabla baridi haijaisha, akawa mtu wa kwanza kuzikwa katika makaburi mapya kule uwandani. Wazee wake, waliokuwa wamehifadhiwa kwenye masanduku tangu wafukuliwe, walizikwa upya kando yake, watano wakiwa na majina, wanne bila. Nyuma yao, bondeni, maji yalikuwa yameshafika mlangoni mwa kanisa.

Siku ya ibada ya mazishi hayo, mdogo wa rafiki yake Limpho, mtoto wa miaka sita hivi, alinyoosha kidole. "Mbona hawa hawana majina?"

Puseletso alitoka kwenye mstari, akachuchumaa karibu na yule mtoto.

"Walikuwa nayo," akasema. "Bibi aliniambia, nami sikusikiliza. Mmoja wa hawa wanne ndiye Mathabo, aliyevuka mlima kwenye theluji ili tuwe Wakristo. Hatujui ni yupi."

"Hamtajua?"

"Hatutajua."

Mama yake alimshika bega. Tangu siku ya toroli hakuwa amemgusa hivyo. Mchungaji Khabele alifunga Biblia yake, akawageukia watoto wote waliokuwa pale.

"Mmesikia," akasema. "Wengine watawafariji kwamba Mungu anayajua majina haya. Ni kweli, anayajua. Lakini tusimbebeshe Mungu kazi yetu. Yeye hakuyapoteza, tumeyapoteza sisi. Imani tuliyo nayo haikutufikia yenyewe kama mvua. Kila mmoja aliipokea kwa aliyemtangulia, mdomo kwa sikio, na sikio moja likizibwa, ukoo mzima unapungukiwa. Kwa hiyo mkubwa akikuita akufundishe, nenda. Na ukiwa hukusikiliza, sema mapema kwamba hukusikiliza, wakati mwalimu wako bado anaweza kurudia. Puseletso alichelewa kusema. Hata hivyo alisema, na kwa sababu hiyo leo hakuna mzee hapa anayelala chini ya jina la mwingine."

Kisha akaongeza, "Sasa tuwaombee hawa wanne. Na kwa kuwa hatujui Mathabo ni yupi, tutamheshimu kila mmoja kana kwamba ndiye yeye."