Mkono Usio na Mapigo

Wazazi wenzangu, sogeeni niwasimulie yaliyomkuta mama mmoja, fundi cherehani.

Asubuhi moja nyumba yake ilikuwa imetulia. Cherehani ikinguruma taratibu, binti yake, kitinda mimba ambaye wote walimwita Kitinda, akikunja nguo za wateja. Mara nguo zikamponyoka.

"Mama, mkono umeishiwa nguvu tena. Na kichwa kinauma."

"Kazi ikija mkono unakufa, chakula kikija unafufuka," mama akajibu bila kuinua macho. Dada zake wakacheka.

Ndiyo yalikuwa mazoea. Kwa miezi kadhaa homa zilikuja na kuondoka, mtoto akakonda, hata kupanda ngazi kukamshinda. Mama alimnunulia vidonge vya maumivu dukani, kisha akamwita goigoi. Si kwamba hakumpenda. Aliwalea peke yake kwa sindano na uzi, akaamini samaki hukunjwa angali mbichi. Kitinda naye akajifunza kunyamaza. Jamani, mtoto kunyamaza si kupona.

Siku moja alianguka akianika nguo. Mdomo ulipinda, maneno hayakutoka. Mama alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka walipopata gari.

Hospitalini daktari alimshika kifundo cha mkono wa kushoto, akatulia. Akahamia wa kulia, kisha akarudi.

"Mama, mkono huu hausikiki mapigo."

"Hausikiki vipi, naye yu hai?"

"Mishipa mikubwa ya damu imevimba kuta zake, njia ikawa nyembamba. Damu haikufika vizuri mkononi, sasa hata kwenye ubongo, ndipo akapata kiharusi. Ni ugonjwa wa nadra, lakini hata watoto huupata. Hakuwahi kulalamika?"

Fundi alitazama sakafu. "Alilalamika, daktari. Mimi nilimcheka."

Dawa ziliutuliza uvimbe, na Kitinda hakufa. Lakini mguu wa kulia anauburuta, na ulimi umebaki mzito. Siku hizi akifungua kinywa, mama yake husimamisha cherehani na kusubiri neno mpaka liishe, hata likichelewa.

FUNZO

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akirudia kusema anaumwa, msikilize, mpeleke apimwe. Jina la uvivu ni jepesi kulitoa; maradhi yaliyojificha nyuma yake hayangoji tumalize kucheka.